Sehemu za darasa la nne na haki ya mjane



Ndugu Waislamu, mzazi akilifungua daftari la hisabati la mtoto aliye katikati ya shule ya msingi, hakosi kukutana na somo linaloitwa sehemu. Ataona duara limegawanywa vipande vinne na kimoja kimetiwa rangi. Ataona chungwa lililokatwa, mkate uliokatwa na mstatili wenye vyumba vinane. Pembeni ya kila mchoro kuna namba mbili, moja juu ya nyingine, na kati yake mstari mdogo. Wengi wetu hulitazama daftari hilo, tukaona alama za vema za mwalimu, tukalifunga. Hudhani hiyo ni hesabu ya shule tu, isiyo na uhusiano wowote na yale mtoto anayoyasoma madrasa alasiri.

Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Somo la sehemu ndilo mlango wa Ilmul-Faraidh, yaani elimu ya mirathi, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameibainisha katika Qur'ani Tukufu kwa hesabu iliyo wazi. Anachofundishwa mtoto wa darasa la nne ni kitu kile kile ambacho watu wazima, wenye ndevu na mvi, hukishindwa au hukikwepa msiba unapoingia nyumbani. Na kikikwepwa, anayeumia ni mjane na yatima.

Anachofundishwa mtoto

Mwalimu huanza na kitu kizima. Hukigawa mafungu yaliyo sawasawa, kisha huuliza: fungu moja ni sehemu gani ya kile kizima? Hapo ndipo mtoto hujifunza maneno mawili ya msingi. Namba ya chini huitwa asili, nayo hueleza kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi. Namba ya juu huitwa kiasi, nayo hueleza yamechukuliwa mafungu mangapi. Katika 3/8, asili ni 8 na kiasi ni 3.

Baada ya hapo huja kulinganisha, na hapa ndipo watoto wengi hujikwaa. Mtoto aliyezoea kwamba 8 ni kubwa kuliko 4 hudhani kuwa 1/8 nayo ni kubwa kuliko 1/4. Mwalimu hodari hamgombezi. Huchukua mikate miwili iliyo sawa, mmoja akaukata vipande vinne na mwingine vipande vinane, kisha akamwachia mtoto achague kipande anachokitaka. Tumbo humfundisha upesi kuliko ubao. Kadiri wagawanaji wanavyokuwa wengi, ndivyo kipande kinavyokuwa kidogo.

Hatua inayofuata ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mtoto hawezi kujumlisha 1/6 na 1/8 mpaka kwanza atafute namba moja inayogawanyika kwa zote mbili. Namba hiyo huitwa kigawe kidogo cha shirika, nacho kwa 6 na 8 ni 24. Hivyo 1/6 huwa 4/24, na 1/8 huwa 3/24, na jumla yake ni 7/24. Mtoto anayelifahamu jambo hili ana chombo mkononi mwake ambacho kadhi hawezi kufanya kazi bila ya kuwa nacho.

Sehemu sita za Qur'ani

Mwenyezi Mungu ameyataja mafungu ya warithi katika Surat An-Nisaa, Aya ya 11, ya 12 na ya 176. Ukizikusanya sehemu zote zilizotajwa humo utazikuta ni sita tu: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Kwa namba za daftari la mtoto ni 1/2, 1/4, 1/8, 2/3, 1/3 na 1/6.

Tazama, ndugu msomaji, namna lugha yetu ya Kiswahili ilivyoyapokea majina hayo. Nusu na robo hutumika sokoni kila siku. Theluthi husikika katika mabaraza na mabunge inapotajwa theluthi mbili ya kura. Thumni ndilo jina ambalo wazee wetu waliiita sarafu ya senti 50. Mtoto wa Kiswahili huingia darasani akiwa tayari ameyasikia maneno hayo kwa bibi yake. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba ndiyo yale yale yaliyomo katika Kitabu cha Mola wake.

Na tuzitaje sehemu hizo kwa ufupi pamoja na baadhi ya wenye kuzistahiki:

Nusu ni ya mume ambaye mkewe amefariki bila kuacha mtoto. Ni pia ya binti mmoja wa marehemu ambaye hana kaka wala dada.

Robo ni ya mume ikiwa mkewe marehemu ameacha mtoto. Ni pia ya mke ikiwa mumewe hakuacha mtoto.

Thumni ni ya mke ikiwa mumewe ameacha mtoto. Wakiwa wake wawili, watatu au wanne, wote hushirikiana katika thumni hiyo hiyo moja. Wake wawili, kila mmoja atapata 1/16.

Theluthi mbili ni ya mabinti wawili au zaidi, ikiwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume.

Theluthi ni ya mama, ikiwa marehemu hakuacha mtoto wala ndugu zaidi ya mmoja.

Sudusi ni ya baba, na sudusi nyingine ni ya mama, ikiwa marehemu ameacha mtoto.

Wapo warithi wengine na zipo hali nyingine zenye maelezo marefu katika vitabu vya Fiq-hi. Hata hivyo, hayo machache yanatosha kuonesha kwamba Mola wetu hakuliacha suala la mali ya maiti mikononi mwa mwenye sauti kubwa kikaoni. Ameligawa kwa namba.

Mjane wa Saad bin Rabii

Tukitaka kufahamu kwa nini namba hizo ziliteremshwa, tuirejee Madina baada ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Miongoni mwa Masahaba waliouawa mashahidi siku hiyo alikuwa Saad bin Rabii (R.A.), mtu wa Answari. Alimwacha mke na mabinti wawili.

Imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.), katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, kwamba mjane huyo alimwendea Mtume (S.A.W.) akiwa na mabinti zake wawili. Akamweleza kuwa baba yao ameuawa Uhud akiwa upande wake, na kwamba ami yao ameichukua mali yote bila kuwaachia chochote, na mabinti hawawezi kuolewa bila kuwa na mali. Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu atalihukumu jambo hilo. Ndipo ikateremka Aya ya mirathi. Mtume (S.A.W.) akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti wawili theluthi mbili, ampe mama yao thumni, na kitakachobaki kiwe chake.

Zingatia, ndugu Mwislamu. Desturi ya Waarabu wa zama za ujahili ilikuwa kuwarithisha wanaume wenye uwezo wa kushika silaha. Mwanamke na mtoto mdogo hawakuwa na fungu. Ami yule alifanya kile ambacho watu wake walikuwa wakikifanya siku zote. Akaja mjane mmoja, hana ngao ila ukweli wake, na jibu la malalamiko yake likashuka kutoka mbinguni likiwa ni hesabu ya sehemu.

Sasa mpe mtoto wa darasa la nne hesabu hiyo. Theluthi mbili ni 2/3, na thumni ni 1/8. Kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 8 ni 24. Mabinti wana 16/24, mama yao ana 3/24, jumla ni 19/24. Kilichobaki kwa ami ni 5/24. Yule aliyekuwa amechukua mafungu yote 24 alitakiwa ayarejeshe 19, abaki na 5. Mtoto akiikokotoa hesabu hii kwa kalamu yake mwenyewe, ataifahamu dhulma kwa namna ambayo hotuba ndefu haiwezi kumfahamisha.

Sehemu ya nini?

Lipo swali moja ambalo mwalimu wa hisabati hulirudia kila siku: sehemu ya nini? Nusu ya chungwa si sawa na nusu ya tikiti maji. Kabla ya kugawa ni lazima ujue kizima ni kipi.

Katika mirathi swali hilo ndilo chanzo cha makosa mengi. Kizima si kila kitu kilichomo ndani ya nyumba ya marehemu. Kwanza, mali ya mke aliyoichuma au aliyopewa si mali ya marehemu, wala mali ya watoto si mali ya baba yao. Pili, katika mali ya marehemu yenyewe hutangulizwa mambo matatu kabla ya kugawa: gharama za maziko, kulipa madeni yake, kisha kutekeleza wasia wake usiozidi theluthi moja. Kinachobaki baada ya hayo ndicho kizima kinachogawanywa kwa warithi.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mke, mama, baba na mtoto mmoja wa kiume. Mali yake yote ina thamani ya shilingi 30,000,000. Gharama za maziko ni shilingi 1,000,000. Madeni ni shilingi 5,000,000, na ndani yake imo mahari ya mkewe ambayo hakuwahi kuimaliza. Hakuacha wasia. Kinachobaki ni shilingi 24,000,000.

Mke anapata thumni kwa sababu yupo mtoto. Mama anapata sudusi, na baba anapata sudusi. Mtoto wa kiume anachukua kilichobaki. Kwa asili ya 24, mke ana mafungu 3, mama 4, baba 4, na mtoto ana 13. Ukijumlisha unapata 24 kamili. Hivyo mke atapata shilingi 3,000,000, mama 4,000,000, baba 4,000,000 na mtoto 13,000,000.

Angalia kwamba mjane huyu ana haki mbili zilizo mbalimbali. Ana deni lake la mahari, ambalo hulipwa kabla ya mirathi kama linavyolipwa deni la muuza duka. Kisha ana thumni yake. Ni wangapi waliokaa eda zao wakaambiwa kwamba mahari imekufa na mwenyewe? Deni halifi. Maiti huenda nalo kaburini, na warithi wake ndio wenye wajibu wa kumtua mzigo huo kutoka katika mali yake.

Mfano wa pili ni wa shamba la ekari 32. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke anapata thumni, nayo ni ekari 4. Zimebaki ekari 28. Qur'ani imeeleza kwamba watoto wa kiume na wa kike wanapokutana, wa kiume hupata mfano wa fungu la wawili wa kike. Kwa hiyo ekari 28 zinagawanywa mafungu manne: kijana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Kijana atapata ekari 14, na kila binti ekari 7. Jumlisha 4, 14, 7 na 7, utapata 32.

Huenda binti akauliza kwa nini kaka yake amepata zaidi. Ni swali la haki na ajibiwe kwa upole. Sheria iliyompa kaka mafungu mawili ndiyo iliyomtwika mahari ya mke atakayemuoa, na matumizi ya nyumba na ya watoto wake. Ekari 7 za dada ni zake peke yake, na hakuna anayeruhusiwa kumlazimisha kuzitumia kwa ajili ya wengine. Lakini jibu hilo litakuwa na uzito iwapo tu dada kweli amepewa ekari zake 7. Familia inayomsomea binti Aya ya mafungu mawili kwa moja, kisha ikamnyima hata hilo moja, imeitumia Aya ya Mwenyezi Mungu kama kisingizio.

Asili ya daftari na asili ya wanazuoni

Wanazuoni wa mirathi huiita namba ile ya 24 tuliyoitumia hapo juu kwa jina la aslul-mas-ala, yaani asili ya mas-ala. Ni neno lile lile alilolitumia mwalimu wa hisabati kwa namba ya chini ya sehemu. Wakaeleza kwamba asili za mas-ala ya mirathi zinazotokana na sehemu zile sita za Qur'ani ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta kigawe kidogo cha shirika anaweza kuzipata zote saba mwenyewe.

Inasimuliwa pia na wanazuoni kwamba Sayyidna Ali bin Abi Talib (R.A.) aliulizwa akiwa juu ya mimbari kuhusu mtu aliyefariki akaacha mke, baba, mama na mabinti wawili. Mke ana 3/24, baba 4/24, mama 4/24, na mabinti 16/24. Jumlisha: ni 27/24. Kiasi kimezidi asili. Mafungu yanayodaiwa ni mengi kuliko mafungu yaliyopo. Sayyidna Ali, bila ya kushuka mimbarini, akajibu kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani 1/9. Maana yake ni kwamba asili inapandishwa kutoka 24 hadi 27, kila mmoja akapungukiwa kwa uwiano ulio sawa, na 3/27 ni sawa na 1/9. Utaratibu huu huitwa aul, na mas-ala hayo yakapewa jina la Al-Minbariyya kwa sababu ya mimbari ile. Ona namna hesabu ya sehemu ilivyokuwa nyepesi katika ulimi wa Khalifa mbele ya hadhara, na ona namna hakuna hata mrithi mmoja aliyeambiwa atoke bure ili hesabu ikae sawa.

Haja hii ya kugawa kwa haki ndiyo iliyowasukuma Waislamu wa kale kuiendeleza hisabati. Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9 wakati wa utawala wa Khalifa Al-Ma'mun, aliandika kitabu cha Al-Jabr wal-Muqabala, ambacho ndicho kilichoipa dunia neno aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho imeshughulikia mas-ala ya wasia na mirathi. Na ule mstari mdogo unaotenganisha kiasi na asili katika daftari la mtoto wako ulitumiwa na mwanahisabati wa Maghrib, Al-Hassar, katika karne ya 12. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu anapoandika 3/8 anaandika kitu ambacho kina jasho la wazee wake katika dini.

Yanayotokea majumbani

Ndugu zangu, elimu hii ipo vitabuni na shuleni. Tatizo lipo katika nyumba zetu. Nyumba ya marehemu hukaa miaka kumi bila kugawanywa, kodi ya vyumba inaingia mfuko wa mmoja, na anayeuliza huambiwa hana adabu, baba bado hajaoza kaburini. Shamba huuzwa na ami kwa hoja kwamba watoto ni wadogo. Mjane hurudishwa kwao na sanduku la nguo. Mabinti huambiwa wameolewa, watakula kwa waume zao.

Lipo pia kosa linalohusu msimamizi wa mirathi. Tanzania Bara, mirathi ya Mwislamu inaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo humteua msimamizi na kumtaka awasilishe orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Zanzibar zipo Mahakama za Kadhi. Kenya nayo imezitambua Mahakama za Kadhi katika Ibara ya 170 ya Katiba yake ya mwaka 2010, kwa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Lakini popote pale, usimamizi si urithi. Msimamizi ni mtu aliyekabidhiwa kisu akate mkate, hakuambiwa aule. Akiwa naye ni mrithi, ana kipande chake kilichopimwa kama wenzake.

Mwenyezi Mungu ametoa onyo kali katika Surat An-Nisaa, Aya ya 10, kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Na katika Aya ya 7 ya Sura hiyo amebainisha kuwa wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika walichokiacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Basi asiseme mtu kwamba kilichoachwa ni kidogo mno, hakifai kugawanywa. Chungwa ni dogo, na mtoto wa darasa la nne analigawa.

Funzo la Saad bin Abi Waqqas

Kuna Hadithi nyingine mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo mzazi anaweza kumpa mtoto kama zoezi la kulinganisha sehemu. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) aliugua sana huko Makka wakati wa Hijja ya kuaga. Alikuwa na mali nyingi na binti mmoja. Akamuuliza Mtume (S.A.W.) kama anaweza kuitoa sadaka theluthi mbili ya mali yake. Akakatazwa. Akauliza kuhusu nusu. Akakatazwa. Akauliza kuhusu theluthi. Akaruhusiwa, na akaambiwa kwamba theluthi nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakiwa wamejitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwaomba watu.

Mwambie mtoto azipange sehemu hizo kutoka kubwa hadi ndogo: 2/3, 1/2, 1/3. Kisha muulize: kwa nini Mtume (S.A.W.) alimshusha Saad hatua kwa hatua, ilhali sadaka ni jambo jema? Atajibu mwenyewe kwamba ni kwa sababu ya binti. Wema wa mtu kwa watu wa nje haupaswi kula haki ya aliye ndani.

Wajibu wetu

Kwanza, mzazi amuulize mtoto kila siku amefundishwa nini, na atulie asikilize jibu. Akitaja sehemu, achukue mkate amwambie akate. Jikoni, amwoneshe kwamba kibaba ni robo ya pishi, na pishi ndilo kipimo tunachokitoa katika Zakatul-Fitri.

Pili, mwalimu wa madrasa ajue mtoto amefika wapi shuleni. Pale shule inapofundisha sehemu, madrasa nayo ifundishe majina sita ya Qur'ani na mas-ala mepesi mawili au matatu. Mtoto hatakuwa mufti kwa mas-ala hayo, na wala haifai kumbebesha hukumu. Mas-ala yenye utata yapelekwe kwa masheikh na kadhi. Lakini mtoto anayejua kwamba 3/24 ni 1/8 hatadanganywa kirahisi atakapokuwa mkubwa, wala hatamdanganya mwenzake akidai hakujua.

Tatu, wasichana wafundishwe kama wavulana. Mara nyingi mjane hunyimwa kwa sababu hajui fungu lake ni lipi na la kizima kipi. Binti anayeijua thumni yake haendi kikaoni kuomba msaada. Anakwenda kudai faradhi.

Nne, wazazi tuandike. Imepokewa katika Hadithi ya Ibn Umar (R.A.) kwamba haimfai Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Tuandike madeni tunayodaiwa na tunayodai, mahari ambayo hatujaimaliza, kiwanja ni cha nani na ng'ombe ni wa nani. Tukumbuke pia kwamba mrithi hausiwi juu ya fungu lake. Daftari la baba lililo safi huwaepusha watoto kufikishana mahakamani.

Ndugu Waislamu, mtoto akirudi nyumbani leo na hesabu ya sehemu, tusilifunge daftari kabla ya kukaa naye. Huenda mtoto huyo ndiye atakayeketi siku moja katika kikao cha familia, watu wamenyamaza, mjane yupo pembeni ameinamisha kichwa, na yeye akaomba kalamu na karatasi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atufundishe yenye kutunufaisha, awahifadhi mayatima na wajane wa umma huu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoitoa haki ya kila mwenye haki kabla ya siku ambayo haitalipwa ila kwa mema na maovu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.